Sheria Baada ya Vita: Usambara Chini ya Dhamana ya Mataifa, 1919–1964

Mponde iko upande wa Bumbuli, katika milima ya Usambara Magharibi. Leo jina lake hutajwa pamoja na chai, lakini kabla chai ya wakulima wadogo haijaenea, ilikuwa nchi ya migomba, mahindi na maharage. Ugomvi wa mpaka wa shamba au ng'ombe wa mahari ulipelekwa kwa zumbe, yaani mtawala wa sehemu, wa Bumbuli, naye alikuwa chini ya Simba Mwene, mfalme wa Vugha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utaratibu huo ulibadilishwa, ukabadilishwa tena, na kila mara mabadiliko yalitangazwa kwa jina la mataifa ya dunia. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza ambazo, zikiwa ndiyo kwanza zimetoka vitani, ziliwekwa chini ya uangalizi wa chombo cha kimataifa kwa ahadi kwamba sheria zake zingewalinda wenyeji dhidi ya dhuluma na ulaghai. Milima ya Usambara inaonyesha vizuri kilichotokana na ahadi hiyo.

Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara tangu enzi za Mbegha, walikuwa wafalme na waamuzi kwa pamoja. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, aliwaweka wanawe kuwa mazumbe katika sehemu mbalimbali za nchi. Mashauri makubwa yalisikilizwa Vugha, faini zikalipwa kwa mifugo, na watu wakatoa ushuru wa chakula na kazi. Kwa kuwa mfalme alihesabiwa kuwa mwenye mvua, njaa ilipoingia watu walikuwa na haki ya kuuliza kama nchi inatengenezwa au inaharibiwa, na swali hilo lilimbana mtawala kuliko sheria yoyote. Baada ya kifo cha Kimweri wanawe na wajukuu wake walipigana. Semboja, aliyejiimarisha Mazinde penye njia ya misafara, alikuwa na bunduki, na mateka wa vita hivyo waliteremshwa pwani kuuzwa. Wabondei waliasi na kujitoa. Wadachi, yaani Wajerumani, walipoingia waliukuta ufalme umeshapasuka. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, kisha wakamweka Kinyashi kuwa mfalme. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kinyashi akajiuzulu, na Wadachi hawakuona haja ya mfalme mwingine.

Mahali pa mfalme pakashikwa na maakida na, chini yao, majumbe wa vijiji. Akida mara nyingi alikuwa mtu wa pwani, ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili, na aliwajibika kwa bwana shauri, yaani ofisa wa wilaya, wa Wilhelmstal, mji ambao sasa ni Lushoto. Alikusanya kodi, akatoa vibarua, akahukumu kesi ndogo. Alikula kwa kazi hiyo hiyo, na mtu wa Bumbuli aliyeonewa naye hakuwa na mlango mwingine wa kugonga isipokuwa ule wa bwana shauri aliyemteua.

Chombo kilichowakera Washambaa kuliko vyote katika kipindi hicho kilikuwa kadi ya kazi. Kuanzia takriban mwaka 1907 kila mwanamume katika wilaya ya Wilhelmstal alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 kwa mzungu mwenye shamba ndani ya miezi minne. Mwajiri ndiye aliyeijaza, siku baada ya siku. Kadi isipojazwa kwa wakati, mwenyewe alikamatwa na kupelekwa kwenye kazi za serikali. Utaratibu wa namna hii ulitengeneza mianya ya rushwa yenyewe kwa yenyewe: yupo mwenye mamlaka ya kuitambua siku ya kazi au kuikataa, yupo mwenye mamlaka ya kumkamata mwenye kadi au kumwacha, na katikati yupo mkulima ambaye mahindi yake yanangoja palizi.

Vita vilifika milimani kwa sura ya ukapagazi na kunyang'anywa chakula kabla havijafika kwa risasi. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliyoshuka kufuata bonde la Pangani yaliichukua reli na mji wa Wilhelmstal. Vita vyenyewe viliendelea kusini zaidi hadi Novemba 1918, kisha yakaja mafua ya Kihispania. Utawala wa kijeshi wa Waingereza ulikuwa na maofisa wachache mno, ukawaacha maakida na majumbe walewale kwenye viti vyao. Kwa mkulima wa Mponde, mwaka 1919 tofauti kati ya Mdachi na Mwingereza ilikuwa katika bendera na sarafu.

Huko Ulaya, mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake. Washindi walikuwa wamekwisha kugawana nchi hizo, lakini hawakupewa kama mali yao. Kifungu cha 22 cha Katiba ya Ushirika wa Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, kilisema kwamba ustawi wa watu wa nchi hizo ni dhamana takatifu, na kwamba mtawala atatoa hesabu ya kazi yake kila mwaka. Rwanda na Burundi zilikabidhiwa kwa Ubelgiji; sehemu kubwa iliyobaki ilipewa Uingereza na mwaka 1920 ikaitwa Tanganyika. Hati ya dhamana ilithibitishwa na Baraza la Ushirika mwezi Julai 1922.

Hati hiyo inastahili kusomwa kwa makini hata leo, kwa sababu ilikuwa bayana kuliko matangazo mengi ya wakati wake. Ilimtaka mtawala akomeshe utumwa. Ilikataza kazi ya kulazimishwa, isipokuwa kwa shughuli za lazima za umma na kwa malipo ya haki. Ilimtaka awakinge wenyeji dhidi ya ulaghai na mabavu kwa kusimamia mikataba ya kazi na uandikishaji wa vibarua. Kuhusu ardhi, ilisema sheria zitungwe kwa kuzingatia mila za wenyeji, na ardhi yao isihamishiwe kwa mgeni bila idhini ya serikali. Mtu aliyewahi kubeba kadi ya siku 30 angeisikia hati hiyo inamzungumzia yeye, kama angesomewa.

Msimamizi wa ahadi hizo alikuwa Tume ya Kudumu ya Dhamana iliyokutana Geneva. Wajumbe wake waliteuliwa kwa ujuzi wao na hawakutakiwa kuziwakilisha serikali zao. Kila mwaka Uingereza ilipeleka taarifa, na ofisa wake akaketi mbele ya tume kuulizwa: vibarua wangapi wamekufa mashambani, fedha kiasi gani imetumika kwa elimu, ardhi gani imetolewa kwa walowezi. Lakini tume haikuwa na fungu la fedha la kuisaidia Tanganyika kujenga mahakama wala kulipa hakimu mmoja. Haikutembelea nchi. Malalamiko ya wenyeji yalipaswa kupitia serikali ileile iliyolalamikiwa, na mwaka 1926 tume ilipofikiria kuwasikiliza walalamikaji kwa mdomo, Uingereza na wenye dhamana wenzake walipinga, na shauri hilo likafa. Mtu wa Usambara aliyetaka kufika Geneva hakuwa na njia isipokuwa kumpa barua bwana shauri.

Hata hivyo sheria zilianza kubadilika, na haifai kuyadharau yaliyofanyika. Amri ya mwaka 1920 iliunda Mahakama Kuu na kuleta sheria za Uingereza pamoja na sheria kadhaa za India, zikiwemo za jinai, ambazo zilitumika hadi Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 ilipochukua nafasi. Mwaka 1922 utumwa ulifutwa kwa sheria. Amri ya Wadachi ya mwaka 1904 ilikuwa imewafanya huru watoto waliozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905, lakini wazazi wao walibaki mali ya watu. Sasa mahakama haikuweza tena kusikiliza madai ya bwana juu ya mtumwa wake. Milimani, ambako vita vya Wakilindi vilikuwa vimeacha familia nyingi zenye asili ya mateka, sheria hiyo iliondoa kauli iliyokuwa ikitumiwa kumnyamazisha mtu barazani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilifanya kazi kwa njia ya mzunguko zaidi. Iliitangaza ardhi yote ya nchi kuwa ya umma, chini ya gavana, aitumie kwa manufaa ya wenyeji. Haki ya mkulima anayekalia shamba kwa mila haikuelezwa waziwazi hadi marekebisho ya mwaka 1928. Gavana aliweza kukulinda na aliweza kukuondoa, kwa kalamu ileile. Udhaifu huo ulikuja kujulikana dunia nzima zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa shauri la Wameru walioondolewa kwenye ardhi yao.

Gavana wa kwanza, Horace Byatt, aliondoka mwaka 1924 akiwa hajagusa sana mfumo wa maakida. Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925 kutoka Nigeria, aliugeuza kabisa. Hoja yake ilikuwa kwamba akida ni mgeni asiye na mizizi, ndiyo maana anaonea. Mtawala wa asili anawajibika kwa mila na kwa watu wake. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926 ikawapa machifu uwezo wa kutoa amri, kukamata na kukusanya kodi. Usambara ikarudishiwa ufalme. Kinyashi, yuleyule aliyejiuzulu chini ya Wadachi, alitolewa faraghani akiwa mzee na kukalishwa tena kitini, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akamwachia Shebughe Magogo.

Ushuru wa kimila nao ulifutwa. Badala ya mkulima kupeleka chakula na nguvu zake kwa zumbe, alilipa kodi kwa fedha, sehemu ya kodi ikabaki katika Hazina ya Wenyeji, na hazina ikamlipa zumbe mshahara. Kwa upande wa kupambana na rushwa, hili lilikuwa badiliko kubwa kuliko lolote la enzi ile. Kipato cha mtawala kiliandikwa kwenye daftari, na mtu yeyote mwenye dhamana ya ukaguzi aliweza kulifungua. Mtumishi wa baraza aliyejitwalia mbuzi wa mlalamikaji sasa alikuwa mwizi, na kosa lake lilikuwa na jina.

Baraza lenyewe lilibadilika sura. Zumbe aliketi na wazee, na pembeni alikuwepo karani mwenye kitabu cha mashauri. Mlalamikaji alilipa ada kwanza, akapewa stakabadhi. Karani aliandika jina lake, la mdaiwa na la kijiji, kisha dai kwa maneno machache: migomba iliyokatwa, mpaka uliosogezwa, mahari isiyorudishwa. Mashahidi waliposikilizwa, wazee walitoa maoni, zumbe akahukumu, karani akaandika faini na kuipokea. Bwana shauri alipopita safarini alikaa na kitabu hicho, akalinganisha faini zilizoandikwa na fedha iliyofika hazina, na aliweza kuipunguza hukumu au kuamuru shauri lisikilizwe upya. Maandishi hayo yalimpa mkulima asiyejua kusoma ulinzi ambao hakuwa nao kwa akida: neno la hukumu halikuweza tena kugeuzwa wiki iliyofuata.

Lakini yapo ambayo kitabu hakikuweza kuyaona. Zumbe aliyetoa amri ndiye aliyemkamata aliyeivunja, ndiye aliyemhukumu, na faini aliyotoza iliingia katika hazina iliyomlipa mshahara. Kabla ya ukoloni, zumbe mbaya aliweza kukimbiwa na watu wake, au kushtakiwa Vugha kwa kuiharibu nchi. Sasa nyuma yake palikuwa na serikali, na aliyemkimbia alifuatwa na kodi. Cameron aliamini kwamba mila ingemdhibiti chifu. Ilhali nguvu ya mila ilitokana na uwezo wa watu kumwacha mtawala wao, na serikali ya Cameron ndiyo iliyoufuta uwezo huo.

Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ilikaza fundo. Chini ya utaratibu wa 1920, mahakama hizo zilikuwa chini ya uangalizi wa Mahakama Kuu. Maofisa wa utawala waliona majaji wanaingilia kati mno kwa taratibu zao. Majaji waliona haki inakabidhiwa kwa watu wasioijua sheria. Maofisa walishinda. Tangu 1929 rufaa ilikwenda kwa bwana shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Mtu wa Mponde aliyeamini kwamba zumbe wa Bumbuli amekula hongo alipaswa kuwaomba wakubwa wa zumbe, ambao sera yao yote ilisimama juu ya heshima ya zumbe, waseme kwamba ni kweli.

Geneva haikuona tatizo. Frederick Lugard, aliyeijenga falsafa ya kutawala kupitia machifu akiwa Nigeria na kuitetea katika kitabu chake cha mwaka 1922, alikuwa mjumbe wa tume kuanzia 1923 hadi 1936. Mfumo wa Cameron ulikuwa mtoto wa mfumo wake. Tume iliyokuwa makini kuhusu ardhi, pombe na vibarua iliusifu utaratibu uliomweka mtu mmoja kuwa mtawala, mkamataji na mwamuzi. Jambo moja tume ililifanya kwa uthabiti, na Usambara ilifaidika nalo bila kujua: ilisimama imara dhidi ya mipango ya mwishoni mwa miaka ya 1920 ya kuiunganisha Tanganyika na Kenya, ambako walowezi walikuwa na sauti kubwa katika sheria za ardhi na kazi.

Vita vya pili vilimaliza Ushirika wa Mataifa. Mkataba wa udhamini wa Tanganyika ulikubaliwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 1946, na tofauti yake na hati ya zamani ilikuwa katika mambo mawili. Baraza la Udhamini lilipokea malalamiko moja kwa moja kutoka kwa wananchi, na lilituma ujumbe kuitembelea nchi kila baada ya miaka mitatu, kuanzia 1948. Mtu aliyekatazwa wakili barazani aliweza sasa kuandika New York.

Mwaka huohuo wa 1946 serikali ilianzisha mradi wa kuhifadhi udongo Mlalo, na baadaye ukapanuliwa kuwa Mradi wa Usambara. Wataalamu walitaka mashamba ya miteremkoni yalimwe kwa matuta ya kukinga maji, na moto na kilimo cha miteremko mikali vikomeshwe. Wasiwasi wao juu ya udongo ulikuwa na msingi. Kosa lilikuwa kuutekeleza mradi kwa nguvu za mazumbe. Amri ya matuta ilitolewa na mamlaka ya wenyeji, mkaguzi akapita shambani, na asiyetii akapelekwa mbele ya baraza la mtawala aliyetoa amri. Kazi ya matuta iliwaangukia zaidi wanawake, ambao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kilimo cha chakula. Udongo wa juu ulifukuliwa na mazao yakapungua kwa wengi, na faini zikawa kodi nyingine. Hapo udhaifu wa mwaka 1929 ulionekana na kila mtu: mashtaka ya matuta hayakuwa na mahali pa kusikilizwa ila kwa mshitaki.

Wameru ndio walioonyesha njia mpya inavyotumika. Baada ya kuhamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao ipewe walowezi, walimtuma Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, kuzungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Hawakurudishiwa ardhi wakati huo. Lakini Mtanganyika alikuwa amesimama mbele ya mataifa bila kupitia kwa bwana shauri, jambo lililokataliwa Geneva mwaka 1926. Julius Nyerere alifuata njia hiyo Machi 1955 kwa niaba ya chama cha TANU, na Usambara chama hicho kiliingia kwa kasi kupitia manung'uniko ya matuta. Kabla muongo haujaisha mradi ulikuwa umeachwa.

Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kurekebisha mahakama zenyewe. Sheria ya Mahakama za Mitaa ya mwaka 1951 iliunda Mahakama ya Kati ya Rufaa kwa mashauri ya mahakama za mitaa na kuanza kutenganisha, kwa mwendo wa pole, kazi ya kuhukumu na ile ya kutawala. Mwaka 1958 ilitungwa sheria maalumu ya kuzuia rushwa, iliyokaza makosa yaliyokuwa yametawanyika katika Kanuni ya Adhabu. Sheria hiyo ilirithiwa na nchi huru na kutumika hadi ilipofutwa na ile ya mwaka 1971.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda haraka. Mputa Magogo, Simba Mwene wa mwisho mwenye madaraka ya serikali, aliondoka kitini mwaka 1962, na utawala wa machifu ukafutwa kisheria nchini kote. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilianza kutumika Julai 1964. Mabaraza ya mazumbe yakawa mahakama za mwanzo zenye mahakimu wa kuajiriwa na wazee washauri, na rufaa zikaenda mahakama ya wilaya, kisha Mahakama Kuu. Shauri la mpaka wa shamba kutoka Mponde lilipata tena njia ya kumfikia jaji, njia iliyokuwa imefungwa mwaka 1929.